Mwaka Ambao Mtani Wetu Alisema Haamini

Binti wa yule mtani wetu alifika kwangu asubuhi akiwa bado amejifunga kitenge cha msiba. Alikataa chai, akakataa na kiti, mpaka nilipomwambia kwamba asipokaa, na mimi nitalazimika kusimama, na magoti yangu hayataki. Akakaa. Baba yake, Elieza, tulikuwa tumemzika Goweko siku chache nyuma, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo hakuja kunipa habari. Alikuja na swali. "Shangazi," akasema, "pale makaburini mzee wa kanisa alisema baba alikuwa nguzo ya imani. Kaka yangu akaninong'oneza kwamba hajawahi kumsikia baba akiomba kwa sauti yake mwenyewe, hata siku moja. Sasa nani anasema kweli? Baba alikuwa anaamini au hakuwa anaamini?" Nikamjibu kwamba wote wawili wamesema kweli. Hakuridhika, na mimi sikumlaumu, maana hilo ni jibu la mtu anayetaka mgeni aondoke. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika. Mimi ni mtu wa kuandika tangu usichana, kila jioni naandika ya mchana wake, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne na mpaka leo nikiona karatasi nyeupe naona aibu kidogo. Daftari la mwaka ule mchwa walikwisha kulila zamani, kwa hiyo haya nayatoa kichwani, na kichwa changu sikiamini kama watu wanavyokiamini. Pale nisipokuwa na hakika nitasema. Na nitajitahidi kuwatendea haki watu ambao hawawezi tena kunisahihisha.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita kuu ya pili kwisha, Waingereza bado wako, na mimi nilikuwa naishi Tabora mjini kwa Mama Loisi, mjane aliyekuwa akipangisha vyumba na kuwapikia watu wa reli na walimu wasio na wake. Nyumba yake ilikuwa upande wa stesheni, ya matofali mabichi, mbele bati na nyuma nyasi, na mabehewa yalipokuwa yakipangwa vikombe vilitembea vyenyewe juu ya meza. Nyuma ya ua kulikuwa na kijia ambacho wazee walikiita bado njia ya wapagazi, ingawa wapagazi walikwisha kuacha kupita kabla sijazaliwa. Sasa kilipitwa na mbuzi na wanawake wanaotoka sokoni. Sebule ilikuwa na meza moja ndefu, na harufu yake naikumbuka kuliko sura za watu wengi: majani ya kunde yaliyokaushwa, yale tunayoyaita nsansa, yakichemka na karanga za kutwanga, na ugali wa mtama, na kama ni msimu wake matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa kama ngozi, unatafuna robo saa nzima huku unazungumza. Mama Loisi alikuwa na sheria yake moja. Kila aliyekula mezani kwake alitakiwa atoe neno baada ya kunawa: habari, kisa, swali, chochote. "Sitaki chakula changu kishuke kwa watu mabubu," alisema. Mimi nilihudumia, nikaosha vyombo, na Jumapili nikafundisha watoto wa kanisa. Nilikuwa na umri wa kuolewa, na nilikuwa nasikiliza sana.

Elieza alikuja mwanzoni mwa kiangazi, amepata ukarani katika bohari ya mizigo ya stesheni. Alikuwa Mzaramo aliyelelewa misheni huko kwao, akaenda vitani Burma, na huko jeshi likamfanya mwalimu wa kuwafundisha askari kusoma. Alichechemea kidogo mguu wa kushoto. Mama Loisi aliposikia tu neno Mzaramo alipiga makofi. "Watu wangu, fungeni banda la kuku! Mwizi wetu amefika!" Elieza akaweka sanduku chini bila hata kutabasamu. "Mama, kuku wa Kinyamwezi siwataki. Wamekonda kwa kubebeshwa mizigo." Wote tukacheka, na kuanzia hapo akawa wa nyumbani. Kwa vijana wa leo pengine nieleze. Babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo walipita katika nchi ya Wazaramo, wakagombana nao, wakapatana, na mwisho wakapeana ruhusa ya utani. Mtani wako akutukane, akupokonye nyama sahanini, aje hata kwenye msiba wako akamcheke maiti, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unachekwa zaidi. Ni jambo jema sana, na mpaka leo nalipenda. Lakini mwaka ule nililiona upande wake mwingine.

Maana ilipofika zamu yake ya kutoa neno, Elieza alitoa mambo ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia. Huko Burma alikuwa na rafiki, sajini Mzungu aliyetoka chuo kikuu, na yule sajini alimfundisha fikra za watu wa Ulaya wa siku hizi. Elieza alizileta mezani zimevaa nguo za utani. Siku ya kwanza ninayoikumbuka vizuri alikuwepo Mwalimu Yakobo, mwinjilisti wetu, mtu mrefu wa koti la kaki lenye viraka viwikoni, aliyekula kwetu kila Alhamisi. Yakobo alipomaliza kushukuru kwa chakula, Elieza akasema, "Nyinyi Wanyamwezi nimewaelewa. Mmezoea kubebeshwa, na kukataa hamwezi. Basi mkasema kubeba ndio utakatifu. Aliyewapiga hamna nguvu ya kumrudishia, mkasema tumesamehe. Halafu mkaletewa msalaba, mkafurahi, mkasema huu tena ni mzigo tunaoujua!" Meza ililipuka. Mwalimu Yakobo alicheka mpaka akakohoa, akanyoosha mkono, akachukua mnofu uliokuwa kwenye sahani ya Elieza akautia kinywani. "Na mimi nakusamehe, Mzaramo," akasema, "huku natafuna." Wakacheka tena. Siku nyingine alisema Mungu ni kivuli cha mtu kilichotupwa mawinguni: mtu anataka baba asiyekufa, anataka hakimu asiyehongwa, basi anaangalia juu, anaona haja zake mwenyewe zimekuwa kubwa, anapiga magoti. Siku nyingine alisema mema na mabaya ni desturi tu, vuka mto yanabadilika. Kila mara watu walicheka, na waliokuwa na kitu cha kurudisha walirudisha, juu ya Wazaramo na nazi zao na uvivu wao. Hakuna aliyejibu. Kwa nini wajibu? Mtani hajibiwi, anarudishiwa.

Mimi nilicheka kama wengine, lakini lile neno la kivuli lilibaki ndani. Nilikuwa nikiomba asubuhi kabla ya kuwasha moto, na sasa nikipiga magoti naona kivuli changu ukutani kwa mwanga wa kibatari, kimepiga magoti kunitazama, na maneno yananikwama. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni kwa sababu nimesoma kidogo, kwamba aliyesoma zaidi angejua pa kulikamata neno kama lile na kulitupa nje.

Sasa, Goweko kulikuwa na watu waliokuwa wakiomba mwalimu kwa muda mrefu. Ni kituo kimoja kwenye reli ya kwenda pwani, na watu wake walikwisha kujenga banda la shule kwa miti na nyasi bila kuwa na wa kuwafundisha. Mzee Zakaria, mkubwa wa wazee wetu wa kanisa, ndiye aliyekuwa akiwaahidi. Alikwenda huko kila baada ya mavuno akarudi na karanga walizompa, na kila mara aliona haya kuzila. Basi wazee wakakaa, wakaona: huyu Elieza ana elimu, amefundisha askari, ni mtoto wa misheni, tumpeleke. Angesimama mbele ya kanisa siku ya Jumapili ya mavuno, aulizwe maswali ya imani, aitikie, awekewe mikono. Walikuja nyumbani kumwambia, wanne, wamevaa makoti. Nilikuwa nawamiminia togwa. Elieza aliwasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Wazee wangu, nawashukuru. Lakini mimi siamini."

Mzee Zakaria alicheka mpaka akatoa leso. "Mzaramo bwana!" akasema. "Hata ukimpa mke atasema sina cha kumlisha." Wenzake wakagonga meza. Elieza akasema tena, "Wazee, kweli kabisa, siamini," na wao wakazidi, na mmoja akamjibu kwamba Goweko nako hawaamini kama Wazaramo wanajua kusoma, kwa hiyo watakuwa sawasawa. Wakamaliza togwa, wakamshika mkono, wakaondoka wamefurahi. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu. Kitu kimoja kilikuwa kimenigonga. Mtani humsema mwenzake. Miezi yote ile Elieza alitusema sisi. Siku ile alijisema mwenyewe, na katika utani wote niliousikia maishani sijamsikia mtu akifanya hivyo.

Nilimkuta uani kesho yake akipaka viatu rangi. Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka," na aliinua macho upesi, kwa sababu sisi tulikuwa hatuamkiani hivyo. Mimi nilikuwa namwita mwizi wa nazi. Akaitikia marahaba. Nikamwuliza kama yale ya jana yalikuwa utani. Alipiga brashi kiatu kile kile muda mrefu. "Mtani," akasema, "nilianza kwa kutania kwa sababu ndio njia rahisi ya kusema neno zito kwa watu usiowajua. Nikadhani atatokea mmoja aniulize, we Elieza, hili ulilosema ni la kweli? Sasa nimekwama. Nikinyamaza, nitawekewa mikono. Nikisema, wanacheka. Nikikimbia usiku na treni, watasema Mzaramo kaiba kuku akatoroka." Akacheka kidogo, si cheko la kupendeza. Nikamwuliza alikuwa anataka nini hasa. Akasema, "Nataka mtu anijibu. Hata akinishinda. Hasa akinishinda."

Nilikwenda kwa Mama Loisi aliyekuwa akitwanga, nikamwambia yote. Aliendelea kutwanga kidogo, halafu akaegemea mchi. "Na wewe?" akaniuliza. Nikasema na mimi sijui. Nilidhani atanigombeza. Alisema tu, "Basi tuko na kazi," akajifunga kanga vizuri, akaenda mwenyewe mpaka kwa Mwalimu Yakobo, saa ya jua kali.

Alhamisi iliyofuata Yakobo alikuja kama kawaida, lakini hakumrushia Elieza neno mlangoni. Alivua kofia. "Bwana Elieza, habari za tangu juzi? Na mguu, unaendeleaje?" Elieza akabaki amemkodolea macho. Kisha chakula kikaletwa, nyama ya mbuzi, na Yakobo akachukua mnofu mzuri kuliko yote akauweka kwenye sahani ya Elieza, na kwa mlo mzima hakuigusa sahani ile. Anayejua watani wanavyokula ataelewa. Ni kama kumwambia mtu mbele ya wote: kuanzia sasa wewe si mtani wangu, wewe ni mgeni, na neno lako nitalipokea lilivyo. Wapangaji wengine walitazamana. Hakuna aliyethubutu kucheka. Elieza hakuweza kula ule mnofu. Baada ya kunawa Yakobo akasema, "Sasa lile la wapagazi. Liseme tena."

Akalisema tena, lile la wapagazi na la kivuli na la desturi, bila kichekesho hata kimoja. Sikuwa nimejua yanauma kiasi kile. Yakobo alisikiliza mikono yake iko mezani. Halafu akasema, "La kwanza lina ukweli ndani yake. Nimewaona watu wanaoita woga wao msamaha. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa hivyo kwa bwana shauri mmoja, ofisa wa serikali. Nipe siku nikafikiri." Mpangaji mmoja aliguna, alitaka mwalimu wetu amalize pale pale. Lakini nilimwona Elieza akilegea mabega.

Basi tukawa na vikao, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwenye ile sebule. Sitaweza kuyaandika yote, na nadhani mengine nimeyachanganya siku zake. La wapagazi Yakobo alilijibu kwa nabii Isaya, mahali anaposimulia watu wa Babeli wakipakia miungu yao juu ya wanyama waliochoka, na Mungu akiwaambia watu wake kwamba yeye ndiye aliyewabeba tangu tumboni na atawabeba mpaka mvi. "Wewe unasema sisi ni watu wa kubeba tuliomtafuta Mungu wa kutubebesha," akasema. "Huyu anasema kinyume. Anasema mungu uliyemtengeneza utamjua kwa hili: utambeba. Na aliye Mungu atakubeba." Yalikuwa maneno mazuri na Mama Loisi alisema amina. Elieza akasema kwa upole, "Mwalimu, nimeona watu wema wakianguka njiani Burma, na hawakubebwa na yeyote. Walibaki palepale." Tukasikia mabehewa. Yakobo akasema, "Hilo sina jibu lake." Baadaye akaongeza kwamba hata Bwana msalabani aliuliza kwa nini ameachwa. "Na hakujibiwa," Elieza akasema. "Siku ile hakujibiwa," Yakobo akasema. Nataka niseme kwa haki: jioni ile wapangaji waliotoka pale walisema Mzaramo kashinda, na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Leo sijui. Nimekaa na lile neno "siku ile" maisha yangu yote na bado halijaisha.

La kivuli, Mungu anisamehe majivuno, nililijibu mimi, au nilijaribu. Nilikuwa nimebeba sinia na sikukusudia kusema. Nikasema kama Mungu ni haja zetu zilizotupwa juu, mbona Yona alimkimbia? Yona alitaka Ninawi iangamie. Angejitungia Mungu, si angetunga wa kuiangamiza? Badala yake akapata Mungu anayewahurumia adui zake, akakasirika akataka kufa. Mimi nikitunga Mungu wangu, nikasema, mvua itanyesha shambani kwetu tu, na yule binti anayenisema kisimani atapata vipele. Watu wakacheka, lakini cheko zuri. Elieza hakucheka. Alisema, "Hilo sikuwahi kuulizwa." Akafikiri. "Lakini mtani, mtu hutunga hata kile anachokiogopa. Mtoto hutunga zimwi." Nikasema ndiyo, hutunga zimwi, lakini zimwi halimwambii akamwombee jirani. Akatikisa kichwa, si kukubali, ni kama mtu anayepima kitu mkononi. Niliosha vyombo siku ile moyo unanipiga. Asubuhi nilipopiga magoti kivuli kilikuwa bado ukutani, na maneno yalitoka machache, lakini yalitoka.

Lililobaki lilikuwa la desturi, na hapo ndipo tulipofika kwenye jambo lenyewe, ingawa hakuna aliyekusudia. Yakobo alimwuliza ule mguu aliumiaje. Elieza akasimulia, akiangalia meza. Walikuwa wakivuka tope, risasi ikampata, amri ikatoka wasonge mbele na majeruhi watafuatwa baadaye. Yule sajini, yule aliyemfundisha kwamba huruma ni ugonjwa wa wanyonge, akarudi, akamtia mgongoni, akamchukua tangu asubuhi mpaka walipofika kwenye hema la waganga.

"Alifuata desturi ya kabila gani?" Yakobo akauliza.

"Ya jeshi. Askari hamwachi mwenzake."

"Si umesema jeshi liliamuru msonge?"

Elieza akasema, "Nilimwuliza kwa nini anafanya hivi. Akaniambia, nyamaza, maneno yako yanaongeza uzito." Akatabasamu, na machozi yakamtoka hapo hapo, na wala hakuyafuta. "Alikufa mwezi uliofuata, kwa homa. Mwalimu, yale maneno ndiyo aliyoniachia. Nikiyaacha ni kama namrudisha kule topeni, nami naondoka."

Hapo nikaelewa, na nadhani sote tulielewa, kwamba tulikuwa tumepigana na fikra za Ulaya miezi kadhaa na kumbe mtu alikuwa analinda kaburi. Mama Loisi alijifunika uso kwa kanga. Ningekuwa mimi Yakobo ningeupata ushindi pale. Ningesema, unaona, mdomo wake ulisema hivi na mgongo wake ukasema vile, basi tupa maneno ushike mgongo. Yakobo hakusema hivyo. Alisema, "Usiyaache kwa ajili yangu. Yashike. Ila kila moja ulipime na siku ile aliyokubeba, uone lipi linakaa na lipi halikai. Na mimi nitamshukuru Mungu kwa ajili yake, kama hutakasirika." Elieza akasema hatakasirika.

Jumapili ya mavuno ikafika. Kanisa lilikuwa na mahindi na maboga mpaka mlangoni, na watu wawili wa Goweko walikuja kumpokea mwalimu wao, wamekaa mbele wamevaa viatu vipya vinavyowabana. Elieza alikuwa amekwisha kumwambia Yakobo kwamba hataitikia, na Yakobo amekwisha kuwaambia wazee, na wazee, nasema bila kuwaonea, walikuwa hawajaamini bado. Akaitwa. Akaulizwa swali la kwanza, kama anamwamini Mungu Baba. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Siwezi kusema ndiyo. Na hapa sifanyi utani." Wanawake wa mabenchi ya mbele wakaangua kicheko, na kicheko kikaenda nyuma benchi kwa benchi. Niliona uso wake. Ndipo Mwalimu Yakobo akashuka kule mbele, akasimama kando yake bega kwa bega. "Hatanii," akasema. "Msikilizeni." Kicheko kikapungua, mpaka akabaki mtoto mmoja anayecheka peke yake, naye akanyamaza. Elieza akasema, "Nilifundishwa misheni kuogopa uongo. Nisingependa kuanza kazi yenu kwa uongo mbele ya huyo mnayemwamini. Kusoma na hesabu nitawafundisha watoto wa Goweko kwa moyo wote, mkinitaka. Kuamini, natafuta."

Mzee Zakaria alisimama, na alikuwa ameumia kweli. "Umetudanganya mwaka mzima!"

"Mzee," Elieza akasema, "nimewaambia mwaka mzima."

Wazee walikaa mpaka maboga yakaanza kugawanywa bila wao. Nilikuwa nawapelekea maji kwa hiyo nilisikia vipande. Wako waliotaka aondoke Tabora kabisa. Mzee Zakaria aliuliza mara mbili au tatu, "Nitawaambia nini wale? Kwamba nimewaletea mwalimu asiyeamini?" Na Yakobo akamjibu, "Waambie umewaletea mwalimu asiyesema uongo. Hata huku mjini hatunao wengi." Mzee Zakaria hakucheka. Lakini ni yeye, wala si Yakobo, watu hukosea wakisimulia, ni yeye aliyesema mwishoni kwamba Elieza aende akafundishe shule, sala ziongozwe na mzee wa kijiji, na kwa kuwa mzee yule hajui kusoma, apelekwe yule binti anayekaa kwa Mama Loisi, yaani mimi, akamsomee. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia mimi nina darasa la nne tu, na imani yangu nayo imetikiswa mwaka huu. Akaniangalia kwa uchovu. "Kwani nani hapa haijatikiswa?" akasema. "Nenda."

Tukaenda kwa treni, mimi na Mama Loisi, ambaye alikuwa na dada yake Goweko na alisema hataki kusikia kwamba nimekaa huko bila mtu mzima, na Elieza na sanduku lake na ubao mweusi uliofungwa kwa gunia. Watu wengi wameniuliza baada ya hapo kama tulioana. Hapana. Yeye alioa mwanamke wa Puge, mimi nikaolewa Goweko pale pale, na utani wetu ukarudi siku ile ile tuliposhuka, maana alisema herufi zangu ubaoni zinaonekana kama wapagazi walevi. Kila Jumapili alikaa kwenye benchi la mlangoni. Hakuimba, hakuitikia. Mwanzoni ule ukimya wake ulinifanya nisome haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Baadaye niliuzoea, kisha nikaanza kuutegemea, kwa sababu nilijua siku akiitikia haitakuwa kwa kuogopa watu.

Siku moja, mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, tulikuwa watatu jikoni kwa dada yake Mama Loisi kabla ya giza kuingia. Mama Loisi alikuwa akikaanga kumbikumbi, na Elieza alikuwa amekuja kwa sababu mtoto mmoja wa darasa lake, msichana mdogo mwenye akili kuliko wote, alikuwa hoi kwa homa, na yeye alikuwa ametoka kumtazama. Alikaa kwenye kigogo muda mrefu bila kutukana mtu. Kisha akaniuliza, "Mtu akisema sala bila kuwa na hakika, si ni uongo?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia mimi mwenyewe huzisema hivyo siku nyingi, na huwa naona kama mtu anayeita kwenye nyumba yenye giza. Hana hakika kama wenyewe wapo, lakini haiti kwa kudanganya, anaita kwa sababu anataka wawepo, na mara nyingine amesikia mtu akijibu. Mama Loisi alitaka kuongeza neno, nikamwona akijizuia.

Elieza aliweka mikono magotini. "Basi anza wewe," akasema. "Nitaitikia pale ninapoweza."

Nikaanza.